Somo: Kujiundia amplifaya ya klasi D ya wati 100, na kwa nini koili ndo itakutoa jasho

Haya wakuu, hili somo nimelichelewesha sana samahanini, nilikua nasubiri niunguze mosfeti za kutosha ndo nije na la kusema. Nimeunguza jozi tatu. Tuanze.

Kwanza hiyo D sio dijitali, ni herufi tu iliyofuata baada ya A, B na C. Ndani kuna mosfeti mbili (transista zinazofanya kazi ya swichi), ya juu imeshika chanya ya chini imeshika hasi, zinapokezana kuwaka na kuzima kama mara laki 4 kwa sekunde, mziki ukipanda ya juu inakaa imewaka muda mrefu zaidi, ukishuka ni zamu ya chini, halafu koili na kapasita zinalainisha mapigo yote hayo spika ibaki inasikia mziki tu. Na kwa vile mosfeti ama imewaka kabisa ama imezima kabisa, joto linakua dogo, hitisinki ya kiganja inatosha pale ambapo klasi AB, ile amplifaya ya kawaida, ingetaka kipande kama tofali.

Hatua ya 1: vifaa. Chipu ni IRS2092 ya miguu 16 (ya International Rectifier, siku hizi ni Infineon). Mosfeti IRFB4019 mbili. Transfoma ya 25-0-25, VA 200, ukiipitisha kwenye brijdayodi unapata kama +35 na -35, hiyo kwa spika ya omu 4 inatoa wati 100 na ushee, kwa omu 8 kama 60. Kapasita za mikrofaradi 10,000 moja kila upande, volti 50 au zaidi. Dukani utaambiwa chukua IRF540N ndo kubwa, ina ampea 33. Usinunue ampea! Angalia chaji ya geti (mguu unaowasha na kuzima mosfeti): IRFB4019 ni nanokulombu kama 13, IRF540N inafika 71, na hilo geti unalijaza na kulimwaga mara laki 4 kila sekunde, chipu itachemka bure.

Hatua ya 2: bodi. Saketi fuata ile ya kwenye datashiti ya chipu, usibuni. Usijaribu kwenye veroboadi na nyaya ndefu ndefu, mimi nilijaribu, ndo jozi ya kwanza ilipoenda. Chonga bodi yako kwa feriki kloraidi, na kapasita ya mikrofaradi 0.1 uibandike miguuni kabisa mwa mosfeti, sio sentimita tano pembeni eti ndo kuna nafasi.

Hatua ya 3: umeme mdogo. Upande wa sauti wa chipu unakula kama volti 5 chanya na hasi, unazipata kwa zena (dayodi za kushikilia volti) za 5.6 na rezista. Halafu kuna volti 12 ya kuendesha mageti, na hii isome mara mbili: hasi yake inakaa kwenye -35, HAIENDI graundi. Dayodi ya butistrapu (ile inayolisha geti la mosfeti ya juu) weka MUR120, maana 1N4007 ni nzito kuzima kwa spidi hii. Jozi ya pili hiyo.

Hatua ya 4: muda wa kupishana. Mosfeti mbili ni kama walinzi wa zamu, huyu atoke getini kwanza ndo mwenzie aingie, wakikutana wote wawili ndani chanya inashikana na hasi na unasikia pah. Chipu inakupa nanosekunde 25, 40, 65 au 105, unachagua kwa rezista mbili kwenye pini ya DT. Anza na 105. Sauti itakua na mkwaruzo kidogo, vumilia, ukishaona mambo yametulia ndo unashuka.

Hatua ya 5: koili. Hapa sasa. Watu wanazunguka mji mzima kutafuta mosfeti orijino halafu koili wanaokota. Tunataka mikrohenri 22 pamoja na kapasita ya filamu ya mikrofaradi 0.47, hapo kichujio kinakata kwenye kilohezi 50 hivi. Ringi ya kusukia waya (ya unga wa chuma) ni T106-2, ile NYEKUNDU, mizunguko 40 inakupa 21.6, safi kabisa. Waya nenda kwa wasuka mota uombe wa milimita 0.9, watakupimia mita chache kwa bei ya soda. Wa milimita 1 hauenei tabaka moja kwa mizunguko 40, na ukipandisha waya juu ya waya unaharibu mambo kwa spidi hii. Suka taratibu, usikwangue rangi. Nyuma ya koili, sambamba na spika, weka rezista ya omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 zikifuatana.

Hatua ya 6: kuwasha. Spika bado! Weka balbu ya wati 100 ya zamani (sio LED) mfululizo na umeme wa ukutani. Balbu ikimulika mara moja ikafifia uko salama, ikibaki inawaka zima. Pima volti DC kwenye tundu la spika, ikiwa milivolti chache endelea, ikiwa volti nzima nzima rudi kwenye bodi. Huna osiloskopu? Chukua redio ya AM uisogeze karibu, zungusha maeneo ya kilohezi 800 (mara mbili ya 400), ukikuta mahali stesheni zinamezwa na mvumo basi mtambo unapiga laki 4 zake. Na kabla hujashika chochote mwaga chaji ya kapasita kwa rezista, kati ya chanya na hasi kuna volti 70.

MASWALI

Swali (Nairobi): Boss, huku Luthuli nimepata ringi za njano na nyeupe za pawasaplai ya kompyuta, bei ya kutupa. Zitafanya?

Jibu: Zitapiga, halafu baada ya dakika kumi utakaangia yai. Hiyo ni aina ya 26, kwa kilohezi 400 inapoteza sana. Jozi yangu ya tatu ilifia hapo hapo.

Swali (Mombasa): Kaka chipu yangu imepasuka nilipowasha tu. Volti 12 nimetoa kwenye adapta nyingine, hasi nimeiunga graundi pamoja na zingine.

Jibu: Pole ndugu yangu, rudi hatua ya 3 ile sentensi yenye herufi kubwa.

Swali (Mwanza): Fundi nikipiga besi nzito volti ya saplai INAPANDA badala ya kushuka, inafika 42, hii ni kawaida au mita yangu mbovu?

Jibu: Mita yako nzima. Klasi D ya mosfeti mbili kwenye besi inasukuma umeme kuurudisha kwenye saplai. Kama una chaneli mbili, geuza fezi ya sauti inayoingia chaneli moja, halafu geuza na nyaya za spika yake, hapo zinakua zinalishana. Na ongeza kapasita, 42 kwenye kapasita ya volti 50 naiogopa.

Swali (Arusha): Mi nina betri ya sola ya volti 12 tu, sina hiyo transfoma.

Jibu: Basi hii sio yako, inataka chanya na hasi. Tafuta bodi ya TPA3116D2, inakula volti 4.5 mpaka 26, hata chaja ya laptopu ya 19 inafaa. Ila waya wowote wa spika usiguse graundi, pande zote mbili zina moto.

Swali (Nairobi tena): Ringi nyekundu nimepata lakini ni ndogo, ni T68. Nisuke mingapi?

Jibu: Usisuke, rudisha. Ni ndogo kwa wati 100, mizunguko inayotakiwa haienei kwenye tundu lake kwa waya wa 0.9.