Kutengeneza tui la manjano la nano maabara, hatua kwa hatua

Mpishi wa pwani hakorogi manjano kwenye maji matupu. Huyakaanga kwenye mafuta, kisha humimina tui, na yuko sahihi kabisa. Kukumini, kiini cha ile rangi, haiyeyuki majini, na hata kidogo kinachopenya utumbo hubadilishwa upesi na utumbo wenyewe na ini, kikatolewa. Sisi maabara tunatengeneza tui lile lile, ila matone yake ya mafuta yawe chini ya nanomita 200 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita).

Kwa gramu 100 andaa kukumini safi miligramu 20, mafuta ya nazi yaliyochujwa yasiyoganda gramu 10, Tween 80 (kiunganishi cha mafuta na maji) gramu 10 na maji yaliyokenekwa gramu 80. Mafuta ya nazi ya kawaida huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo yatakusumbua kwenye friji.

Hatua ya 1. Pasha mafuta hadi nyuzi 60, tia kukumini, koroga, na ufunike chupa kwa foili maana mwanga huiharibu. Inua chupa kwenye taa. Ukiona hata chembe moja, endelea kukoroga. Isipoyeyuka hapa haitayeyuka tena.

Hatua ya 2. Changanya Tween 80 na maji. Pima pH, yaani kiwango cha asidi, iwe 5 hadi 6. Ikipita 7 kukumini huanza kuvunjika, na ikizidi zaidi rangi hugeuka nyekundu ya kahawia.

Hatua ya 3. Mimina mafuta taratibu kwenye maji huku mashine ya kusaga ikizunguka kwa kasi, dakika 5. Utapata tui zito la njano.

Hatua ya 4 ndiyo roho ya kazi. Zamisha ncha ya mashine ya mawimbi ya sauti, washa sekunde 5, zima 5, kwa dakika 10, chupa ikiwa ndani ya barafu. Niliwahi kuruka barafu kwa haraka zangu. Chupa ilichemka mkononi, na asubuhi nikakuta pete ya mafuta juu: tui limekatika. Tone la mikromita 10 (nanomita 10,000) likigawanywa kuwa matone ya nanomita 100, mafuta yale yale hupata eneo la nje mara 100. Hapo ndipo lipasi, kimeng'enya kinachovunja mafuta tumboni, hushambulia, na chumvi za nyongo hubeba kukumini hadi kwenye ukuta wa utumbo. Mwisho zungusha kidogo kwenye sentrifuji, mashine inayotenganisha vitu kwa kuzungusha kwa kasi, kwa kuwa ncha huacha vumbi la kijivu la titani.

Hatua ya 5. Pima ukubwa wa matone siku ya 1, ya 7 na ya 30. Kipimo cha mtawanyiko, yaani jinsi matone yanavyotofautiana kwa ukubwa, kikipita 0.3, rudi hatua ya 4.

Hatua ya 6. Jaribu mmeng'enyo bandia: nyuzi 37, pH 7, lipasi na chumvi za nyongo, saa 2. Zungusha, chukua tabaka angavu la kati, pima linavyofyonza mwanga wa nanomita 425, ulinganishe na unga wa kukumini uliokorogwa majini. Hii inaonyesha kilicho tayari kufyonzwa, si kilichofika kwenye damu.

Usilinywe wala usimpe mtu. Mwaka 2019 Italia iliripoti watu walioumwa ini baada ya kutumia virutubisho vya manjano, baadhi vikiwa vimeongezewa ufyonzwaji. Andika kwenye chupa: KWA MAJARIBIO TU.