Siku Moja kwenye Monasteri za Armenia: Mwongozo kwa Wanaoishi Ughaibuni

Kwa Mkenya au Mtanzania anayefanya kazi Ghuba, Yerevan, mji mkuu wa Armenia, ni safari ya ndege ya saa tatu na kitu kutoka Dubai, Sharjah au Doha, na wapo wanaokwenda huko sikukuu inapoungana na wikendi. Wengi wao huishia mjini: Uwanja wa Jamhuri, picha, chakula, kisha uwanja wa ndege. Nakuomba siku moja uitoe kwa monasteri za zama za kati. Kwa mapokeo ya Waarmenia wenyewe, nchi yao iliufanya Ukristo dini ya taifa mwaka 301, kabla ya dola ya Roma, na mengi yaliyowapata baada ya hapo yamechongwa kwenye mawe ya kuta hizi, huko milimani. Ziara hii inamfaa Mkristo na Mwislamu, na hata asiyejali dini, mradi anapenda kuona kazi ya mikono iliyofanywa kwa subira.

Tuanze na makaratasi, maana hapo ndipo safari nyingi hukwama. Ukaazi wa nchi za Ghuba au za Ulaya hurahisisha kuingia Armenia, lakini masharti hubadilika na hutegemea pasipoti yako na muda uliobaki kwenye kibali. Soma tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Armenia kabla hujalipia tiketi, usitegemee maneno ya kundi la WhatsApp. Wanaosoma au kutembelea Georgia wajihadhari zaidi. Kampuni za Tbilisi huuza ziara ya siku moja kuvuka mpaka wa Sadakhlo hadi monasteri za Haghpat na Sanahin. Ukiwa na visa ya Georgia ya kuingia mara moja tu, ukishavuka umeitumia, na jioni wenzako watarudi hotelini wewe ukiwa umebaki upande wa pili. Uliza mapema. Mpaka wa Uturuki nao ulifungwa mwaka 1993, kwa hiyo usipange kutoka Yerevan kwenda Istanbul kwa basi la njia ya mkato. Mabasi hupitia Georgia.

Sasa ziara yenyewe. Matangazo yatakuahidi vituo vitano au sita kwa siku: ziwa, hekalu, monasteri tatu na kiwanda cha mvinyo. Achana nayo. Utashinda ndani ya gari, na kila kituo utapewa dakika ishirini za kupiga picha. Chagua upande mmoja wa nchi na monasteri moja au mbili. Kabla ya kulipa, muulize wakala mambo haya: mwongoza watalii anaingia ndani pamoja nanyi au anabaki kwenye gari? Kila mahali mnakaa muda gani? Anazungumza lugha gani? Ziara nyingine huongozwa kwa Kirusi peke yake na tangazo halisemi. Nasisitiza habari ya mwongozaji kwa sababu kuta hizi zimejaa maandishi na alama za wafadhili, mafundi na marehemu, na asiyesoma Kiarmenia bila msaada ataona mistari tu.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, ushauri wangu ni Garni na Geghard, mashariki ya Yerevan, chini ya kilomita 40. Garni ni hekalu lenye nguzo la kabla ya Ukristo, la karne ya 1. Liliangushwa na tetemeko la mwaka 1679 na kujengwa upya kati ya 1969 na 1975. Hapo kuna kiingilio. Nusu saa yatosha, kisha teremkeni korongoni mkaone nguzo za mawe ya volkano zilizopangwa na maumbile yenyewe.

Muda wako wote uliobaki upe Geghard. Zamani iliitwa Ayrivank, monasteri ya pango, na jina la sasa linatokana na mkuki unaosemekana kumchoma Kristo ubavuni, uliohifadhiwa hapo na ambao leo uko Echmiadzin, makao makuu ya Kanisa la Armenia. Kanisa kuu lilijengwa mwaka 1215 chini ya watawala wa ukoo wa Zakarian. Ni zuri, lakini usiishie hapo. Baadaye katika karne hiyo wakuu wa ukoo wa Prosh waliinunua monasteri, na mafundi wao wakaingia ndani ya mlima wenyewe. Walichonga makanisa mazima kutoka kwenye mwamba: nguzo, matao, kuba, vyote ni jiwe lilelile lililoachwa wakati mengine yakitolewa. Mwanga huingia kwa tundu moja juu kileleni. Katika kanisa la kwanza la mwambani kuna chemchemi, na maji yake hupita sakafuni hadi leo. Watu huyakinga mikononi wakanawa uso. Chumba cha jirani kina makaburi ya wakuu hao, na juu yake simba wawili waliofungwa mnyororo shingoni na tai aliyeshika mnyama kwa kucha.

Kisha toka nje upande ngazi za ubavuni, upite kwenye ujia uliojaa misalaba iliyochongwa ukutani. Utaingia ukumbi wa juu uliokamilika mwaka 1288. Humo sauti moja hujaa chumba chote na kukaa hewani kabla ya kufifia. Kama una bahati utakuta wanakwaya. Kama hawapo na hakuna anayesali, imba wewe taratibu, hata ubeti mmoja wa kwenu. Hakuna atakayeudhika, na utaelewa mafundi wale walikuwa wakichonga nini hasa.

Waorthodoksi wa Ethiopia na Eritrea wataona mengi wanayoyajua. Kanisa la Armenia na makanisa yao ni ndugu wa ushirika mmoja, yote yaliyokataa maamuzi ya mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451. Makanisa ya mwambani ya Lalibela, Ethiopia, nayo huhesabiwa kuwa ya karne ya 12 na 13. Urafiki huo uliendelea: mwaka 1924 Ras Tafari, aliyekuja kuwa Haile Selassie, aliwachukua yatima 40 wa Kiarmenia kutoka Yerusalemu, manusura wa mauaji ya kimbari ya 1915, wakawa bendi ya kifalme Addis Ababa. Ukiwa na Muethiopia kazini kwako, mwalike.

Mwenye siku ya pili aende kusini: monasteri za Khor Virap na Noravank. Khor Virap iwe asubuhi, maana ndipo Mlima Ararat, wenye mita 5,137, huonekana vizuri ng'ambo ya mpaka wa Uturuki. Hapo ndipo inasemwa Mtakatifu Grigor, aliyewaleta Waarmenia kwenye Ukristo, alifungwa shimoni miaka kama 13 kabla ya kumbatiza mfalme wao Trdat. Shimo lipo, na unateremka kwa ngazi ya chuma iliyosimama wima. Mwenye pumu au hofu ya mahali finyu abaki juu. Noravank imesimama kati ya magenge mekundu. Kanisa lake la ghorofa, lililomalizika mwaka 1339 na kuhesabiwa kazi ya mchongaji Momik, lina ngazi nyembamba za mawe zilizojitokeza ukutani bila kishikio. Kupanda ni rahisi, kushuka ndiyo kazi. Shuka kinyumenyume na usivae viatu vya kuteleza. Tatev, iliyo kusini zaidi, ina fahari yake na gari la waya la kilomita 5.7, ila ni kama kilomita 250 kutoka Yerevan. Usijaribu kuifanya ya siku moja. Lala huko.

Adabu si ngumu. Mabega na magoti yafunikwe. Akina dada wachukue mtandio mwepesi, na akina kaka wavue kofia. Utaona wenyeji wakitoka kanisani kinyumenyume wasiipe altare kisogo. Fanya hivyo nawe. Mishumaa huwashwa na kuchomekwa kwenye trei ya mchanga au maji, popote usipoona nyingine usiwashe. Ukikuta familia imeleta kondoo au jogoo Geghard, hiyo ni matagh, sadaka ya kuchinja ambayo nyama yake hugawiwa watu. Ukikaribishwa, kukubali ni heshima.

Kuingia monasteri ni bure, lakini beba dramu, fedha ya Armenia, za taslimu kwa mishumaa na kwa akina mama wanaouza gata, mkate mtamu wa mviringo, nje ya lango. Beba sweta hata Julai, kwani ndani ya mwamba ni baridi. Waislamu waulize kabla ya kuagiza nyama choma, kwa kuwa ya nguruwe ni ya kawaida sana. Samaki na lavash, mkate mwembamba, ya moto kutoka tanuri hazina shaka. Soda zinazouzwa barabarani Areni, karibu na Noravank, kwenye chupa za kola mara nyingi ni mvinyo. Yerevan kuna Msikiti wa Buluu wa karne ya 18, barabara ya Mashtots, na unaswaliwa.

Waafrika ni wachache huko, basi utatazamwa, na pengine kuombwa picha. Mara nyingi ni udadisi tu. Salamu ya "barev dzez" hufungua tabasamu.

Ukirudi mjini, tenga saa mbili za kesho yake kwa Matenadaran, hifadhi ya miswada ya kale. Vitabu vilivyonakiliwa na watawa wa milimani viko hapo, ikiwemo Injili ya Haghpat ya mwaka 1211. Hufungwa Jumapili na Jumatatu, kwa hiyo anayetoka nchi ya Ghuba yenye wikendi ya Ijumaa na Jumamosi aiweke Jumamosi na monasteri aziweke Ijumaa, siku ambayo pia haina msongamano wa arusi na ubatizo.