Kutambua Spishi za Chachu Zinazosababisha Maambukizi: Mwongozo kwa Maabara za Hospitali za Kaunti

Ripoti ya maabara inayosema tu kwamba "chachu imeonekana" humwacha daktari njia panda. Chachu aina ya Candida albicans kwa kawaida hutibika kwa flukonazoli, dawa ya kuua kuvu. Candida krusei haisikii dawa hiyo kwa maumbile yake, na Candida glabrata mara nyingi huhitaji dozi kubwa zaidi au dawa nyingine kabisa. Jina la spishi, basi, ni sehemu ya matibabu yenyewe, na linaweza kupatikana hata katika maabara ya Kisumu, Kakamega au Nakuru isiyokuwa na mashine za bei kubwa, mradi kila hatua ifanywe kwa uangalifu na hakuna kipimo kimoja kinachoachiwa kuamua peke yake.

Panda sampuli kwenye agari ya Sabouraud, yaani rojo gumu la kuoteshea kuvu, iliyotiwa kloramfenikoli ya kuzuia bakteria, kisha uiweke katika inkubeta yenye nyuzi joto 35 hadi 37 kwa saa 24 hadi 48. Makoloni, yaani vidoa vya chachu iliyoota, yakitokea, paka kidogo kwenye slaidi na utie rangi za Gram. Chembe za chachu huonekana za zambarau, zenye umbo la yai, kubwa kuliko bakteria, na nyingine zikiwa na kichipukizi ubavuni. Usinuse sahani hata kama waliokutangulia kazini walikuwa wakifanya hivyo. Hakikisha pia kwamba koloni unalolifanyia kazi ni la spishi moja tu, kwa sababu sampuli za ukeni na za mkojo mara kwa mara hubeba spishi mbili kwa pamoja, na vipimo vyote vinavyofuata hupotosha ikiwa chachu unayoipanda imechanganyika.

Kipimo cha kwanza cha kutofautisha ni kile cha mrija wa kuchipua, ambao ukionekana huelekeza kwenye Candida albicans, nacho nitakieleza kwa kirefu kwa kuwa ni rahisi, hugharimu kidogo, na ndicho kinachoharibiwa zaidi kwa haraka au kwa uzembe. Tia mililita 0.5 za seramu (majimaji ya damu yasiyo na chembe) katika neli ndogo, gusa koloni kwa ncha ya kijiti safi, kisha ukichovye ndani ya seramu. Mguso huo mmoja unatosha, maana chachu ikizidi mirija haichipui vizuri. Weka neli kwenye nyuzi 37 kwa saa mbili, na usizidishe saa tatu. Baada ya hapo dondosha tone moja kwenye slaidi, funika kwa kigae chembamba cha kioo, na utazame kwa lenzi ya 40 ya hadubini. Mrija wa kweli hutoka kwenye chembe kama mpini unavyotoka kwenye kichwa cha mwiko: kingo zake huenda sambamba na hakuna mbano mahali unapoanzia. Ukiona pamebanwa, kana kwamba pamefungwa uzi, huo si mrija wa kuchipua, na matokeo yaandikwe kuwa hasi.

Nilipokuwa mwanafunzi katika maabara moja ya magharibi mwa Kenya, niliacha neli zangu zikapitiliza saa nne kwa sababu foleni ya malaria ilikuwa ndefu, nikaandika Candida albicans. Siku mbili baadaye koloni lilelile lilikuwa la buluu kwenye agari ya rangi, ambayo huipa kila spishi rangi yake, na nililazimika kuisahihisha ripoti ambayo tayari ilikuwa kitandani kwa mgonjwa. Ilikuwa Candida tropicalis, ambayo ikiachwa muda mrefu hutoa nyuzi zinazodanganya jicho. Tangu siku hiyo naandika kwenye neli saa ya kuanza na saa ya kusoma, na kila mara naweka kando yake neli mbili za kulinganishia, moja ya albicans inayojulikana na nyingine ya tropicalis.

Agari ya rangi, kama vile CHROMagar Candida, husomwa baada ya saa 48, na ni vyema kuisoma kwenye mwanga wa mchana karibu na dirisha. Albicans huwa kijani, tropicalis huwa ya buluu iliyokolea, na krusei huwa ya waridi iliyofifia, koloni lake likiwa kavu na pana lenye kingo zilizoparara. Glabrata huelekea zambarau au waridi, lakini spishi nyingine kadhaa hufanya hivyohivyo, kwa hiyo mimi siandiki jina la glabrata kwa rangi pekee.

Hapo ndipo agari ya unga wa mahindi yenye Tween 80 (kiowevu kama sabuni) inapofaa, kwa kuwa huonyesha umbo la chembe na nyuzi zake. Chora mistari mitatu kwa kitanzi cha kupandia, ukikata kidogo uso wa agari, funika sehemu ya mistari kwa kigae kilichotakaswa, na uache kwa siku mbili hadi tatu kwenye nyuzi 22 hadi 25. Joto hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Nakuru, iliyo juu nyandani, meza ya kawaida mara nyingi inatosha. Kisumu, kando ya ziwa, chumba hupata joto mno mchana, na mbegu duara zenye ukuta mnene ambazo ndizo alama ya albicans huenda zisitokee. Tafuta kabati lenye ubaridi na uweke kipimajoto ndani. Glabrata hubaki chembe tupu zisizo na nyuzi, ilhali krusei hutoa nyuzi ndefu zilizolala kama magogo yanayoelea mtoni.

Candida dubliniensis nayo hutoa mrija na mbegu duara kama za albicans, lakini haikui kwenye nyuzi 45, jambo ambalo albicans kwa kawaida huliweza.

Kwa majimaji ya uti wa mgongo utaratibu ni mwingine, na katika eneo letu, ambako kaunti kama Homa Bay, Siaya na Kisumu zimebeba mzigo mkubwa wa virusi vya ukimwi, hatua hii haingoji kesho. Changanya tone la majimaji na tone la wino mweusi, utafute chembe duara zilizozungukwa na utando mweupe mpana. Hiyo ni Cryptococcus, chachu inayoshambulia utando wa ubongo, hasa kwa wenye kinga dhaifu. Wino usipoonyesha kitu usiseme hakuna ugonjwa, kwa maana kipimo cha ukanda cha antijeni, kinachotafuta vipande vya chachu hiyo, hunasa wagonjwa wengi ambao wino huwakosa. Koloni likiota, Cryptococcus hugeuza agari ya urea kuwa ya waridi, ilhali Candida nyingi haziigeuzi.

Kuna spishi moja ambayo vipimo hivi haviimalizi. Candida auris ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009 kutoka sikio la mgonjwa nchini Japani, na imekwisha kupatikana Kenya. Vifaa vya kupima sukari, kama API 20C AUX, vimewahi kuiita kimakosa Rhodotorula glutinis, ambayo ni chachu nyingine. Ukipata chachu kutoka kwenye damu isiyotoa mrija, isiyokuwa na nyuzi kwenye agari ya mahindi, na inayokua vizuri kwenye nyuzi 42, mpigie daktari simu siku hiyohiyo ili mgonjwa atengwe, na uandike "Candida, spishi bado haijathibitishwa" badala ya kukisia. Uthibitisho hutokana na mashine ya MALDI-TOF, inayotambua chachu kwa protini zake, au usomaji wa jeni, kwa hiyo panda koloni kwenye agari ya Sabouraud iliyolazwa ndani ya chupa, kaza kifuniko, ifunge katika vifungashio vitatu, na uipeleke maabara ya rufaa pamoja na maelezo ya mahali sampuli ilipotoka na dawa ambazo mgonjwa amekwisha kutumia. Bakisha nakala moja kwenye jokofu lako hadi majibu yarudi.