Namna ya kuongea na wagonjwa wenzako wa saratani, ubebe cha kubeba uache cha kuacha

Ukienda Ocean Road, hospitali ya saratani pale Dar, siku ya kliniki, kabla hata hujamuona daktari utakuwa umeshapewa ushauri na nusu ya benchi. Mmoja anakwambia kemo (zile dawa kali za kuua saratani) ndo itakumaliza, mwingine anasema yeye haikumfanya kitu na kesho yake alikuwa sokoni, wa tatu keshakutumia namba ya mzee anayechemsha majani huko Tanga. Na hakuna anayedanganya, kila mtu anasimulia kilichomkuta yeye, na shida iko hapo hapo. Mimi nilimuuguza mama mkubwa, alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, yale mabenchi nayajua vizuri, na nakwambia wagonjwa wenzako watakufundisha vitu ambavyo daktari mwenye foleni ya watu mpaka nje hana muda navyo. Ila sio kila wanachosema ni cha kwako.

Kwanza jua ya kwako

Kabla hujamuuliza mtu chochote hakikisha unajua ugonjwa wako kwa jina kamili. "Nina kansa" haitoshi, na "nina kansa ya titi" nayo bado haitoshi. Muulize daktari imeanzia wapi, ni aina gani, iko hatua ya ngapi (zinakwenda 1 mpaka 4), na swali ambalo watu wengi wanaliogopa: matibabu haya ni ya kuponya au ni ya kuituliza isisumbue? Muulize tu. Majibu ya kinyama, kile kipande cha uvimbe kilichokatwa kikapimwa maabara, omba kopi na upige picha, moja ibaki kwenye simu yako na nyingine kwa mtu anayekuuguza, maana faili linaweza kupotea na ukienda hospitali nyingine kitu cha kwanza watakachokuuliza ni hicho kikaratasi.

Kama ni titi, angalia imeandikwaje kwenye ER, PR na HER2, vipimo vya kile kinyama: ER na PR ni vya homoni, HER2 ni ya protini inayoikuza saratani. Hapa ndo watu wanapopotezana sana. Wanawake wawili wamekaa pamoja, wote titi, wote hatua ya pili, ila mmoja ER yake ni chanya kwa hiyo akimaliza kemo na mionzi anapewa vidonge kama tamoksifeni ameze kila siku, miaka 5, wengine mpaka 10. Mwenzake zote tatu ni hasi, vidonge vile havimsaidii, anamaliza anarudi nyumbani. Mwenye HER2 chanya anaandikiwa sindano nyingine kabisa, trastuzumabi, na bei yake inakufanya ukae chini. Kuna mama alisimamisha tamoksifeni zake kwa sababu jirani yake wa benchi alimwambia "mbona mimi nimemaliza siku nyingi". Kwa hiyo kabla hujalinganisha, uliza kwanza: wewe yako ni aina gani?

Vitu vya kuuliza wenzako

Waulize maisha, dozi waachie madaktari. Foleni ya damu inaanza saa ngapi, wapi kuna chumba cha bei nafuu karibu, ukitoka kemo uende na nani, ulikula nini ikakaa tumboni, siku ya ngapi ulijisikia vibaya zaidi. Haya wanayajua kuliko mtu yeyote.

Mfano nywele. Dawa nyingi za titi zinaangusha nywele, kawaida wiki ya pili au ya tatu baada ya dozi ya kwanza, na walioshapita watakwambia nyoa mapema kwa hiari yako kuliko kuamka asubuhi unazikuta kwenye mto. Au ile dawa nyekundu, doksorubisini, inakufanya ukojoe mwekundu siku ya kwanza au ya pili, mtu asipoambiwa anajua ni damu anaanza kulia chooni. Paklitakseli nayo inaleta ganzi vidoleni, ukishindwa kufunga vifungo vya shati mwambie daktari mapema, usisubiri. Dawa ya kichefuchefu meza kama ulivyoelekezwa hata kama hujaanza kujisikia vibaya, ukisubiri mpaka uanze kutapika umechelewa. Vidonda mdomoni unasukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mswaki laini, pilipili weka pembeni.

Halafu kuna hili la damu. Unafika siku ya dozi unapimwa, unaambiwa seli nyeupe, zile zinazopigana na maambukizi, ziko chini rudi wiki ijayo. Watu wanachanganyikiwa, wanaona ndo basi tena. Jamani ni kawaida, kemo inapiga uboho unaotengeneza damu, na wanakuahirisha ili wasikuumize. Sasa benchini kila mtu atakwambia kanywe rozela, bitiruti, matembele. Kula tu, ni chakula kizuri, ila hakuna juisi ya kupandisha seli nyeupe, zinapanda zenyewe ukizipa muda na wakati mwingine wanakuchoma sindano ya kuzisaidia. Cha muhimu zaidi: ukiwa kwenye kemo ukapata homa ya 38 au zaidi nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni usiku, usimeze panadoli ukalala. Nunua kipimajoto ukae nacho. Hapa usisubiri ushauri wa mtu.

Kwa mionzi, wenzako watakwambia usifute zile alama wanazokuchora, na kweli usifute. Vaa nguo laini ya pamba, khanga ni nzuri, usipake losheni wala pafyumu sehemu inayopigwa mpaka uwaulize wahudumu. Saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi ni kama siku 25, Jumatatu mpaka Ijumaa, na kemo ya sisplatini mara moja kwa wiki (hiyo inasumbua figo, maji unywe kweli kweli), halafu mionzi ya ndani, ile ya kifaa kinachopitishwa ukeni. Na ukirudi nyumbani beba mjukuu wako, mionzi hii haibaki mwilini ikamuambukiza mtoto, na saratani yenyewe haiambukizi kwa kula sahani moja.

Kuna jambo ambalo wanaume na hata baadhi ya madaktari wanaliruka, wanawake wakikaa wenyewe ndo wanaambizana. Baada ya mionzi ya kizazi uke unaweza kukauka na kubana, tendo la ndoa linauma, na mume anadhani amekataliwa. Kuna vifaa vya kutanua taratibu na vilainishi, muulize nesi, na muulize mapema kwa sababu ukikaa mwaka mzima inakuwa ngumu zaidi. Mama mkubwa alilijua hili kwa mama mmoja wa Mtwara waliyekuwa wanasubiri naye mashine, yule alikuwa hana aibu kabisa, Mungu ambariki. Na kama unaishi na VVU usiache ARV hata siku moja na umwambie daktari wa saratani unatumia zipi. Wako wengi pale, hauko peke yako, wanavyokaa kimya tu ndo unaona kama uko peke yako.

Majani

Sitakwambia usinywe, najua utakunywa, watu wa nyumbani ndo wanaoleta na kukataa ni ugomvi. Ila elewa hivi: kemo inapita kwenye ini na figo, majani unayochemsha nayo yanapita huko huko, na daktari asipojua, vipimo vyako vikiharibika hajui amlaumu nani. Stafeli, mlonge, mwarobaini, chochote, mwambie unakunywa nini na kiasi gani, na siku za dozi acha. Kusikia kwamba majani fulani yaliua seli za saratani maabara sio sawa na kusema yameponya mtu, hata jiki inaua seli maabara.

Muuza dawa utamjua. Dawa moja inatibu saratani zote na kisukari na presha juu. Anataka uache hospitali kwanza. Ana picha nyingi na ushuhuda ila ukiomba kuongea na mtu aliyepona hapatikani. Bei hasemi hadharani, "njoo inbox". Mtu wa hivyo akiingia kwenye grupu la wagonjwa admin amtoe, hakuna cha kujadili.

Pesa na mahali pa kushika

Fika na barua ya rufaa kutoka hospitali ulikotoka, kitambulisho, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji kama uwezo huna. Kama hali ni ngumu usiondoke kimya kimya, omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, hiyo ndo njia ya msamaha, na yeye ndo anajua kama kuna pa kulala au nauli. Watu wengi wanaacha matibabu katikati kwa sababu ya nauli na chumba, sio dawa. Mwenye bima ya NHIF aulize kabla kama dawa aliyoandikiwa imo kwenye orodha, usikutane nalo dirishani.

Na sio lazima kila kitu Dar. Bugando kule Mwanza wana mionzi, KCMC Moshi wana kliniki ya saratani na kemo wanatoa. Mtoto anaenda Muhimbili, pale Tumaini la Maisha wanasaidia watoto wenye saratani watibiwe bila kulipa, kwa hiyo mzazi asiuze shamba kwanza. Ndugu zetu wa Nairobi wana Faraja Cancer Support Trust, wanatoa ushauri nasaha na wana mfuko wa kusaidia matibabu.

Maumivu nayo yana dawa. Morfini ya kunywa ipo, ni ya maji, na sio kwamba ukipewa ndo umehukumiwa kufa, kuna watu wanaitumia wiki chache wakati wa matibabu wanaacha. Inafunga choo tu, kwa hiyo uliza na dawa ya choo. Kama mgonjwa yuko mikoani uliza huduma ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na kumtunza mgonjwa, Muheza wanayo, Selian Arusha wanayo, wengine wanakufuata mpaka nyumbani.

Grupu la WhatsApp

Mkiunda grupu msizidi watu ambao mnaweza kufahamiana, na ikiwezekana wote muwe wa aina moja, titi na titi, kizazi na kizazi. Kubalianeni mapema kwamba picha ya majibu ya mtu haitoki humo, na kama mnamchangia mtu yeye mwenyewe akubali kwanza jina lake litumike, maana wapo waliochangiwa mitandaoni na kazini kwao walikuwa hawajui kama wanaumwa. Mwombeni nesi mmoja mnayemwamini awe anapita mara moja moja kujibu. Waumini waombeane, ila msimwambie mtu imani yake ndogo ndo maana haponi, hilo limewatoa watu wengi kwenye magrupu.

Kuna siku mtapata msiba humo ndani, lazima. Amueni mapema nani atatoa taarifa, na aliye katikati ya kemo asilazimishwe kwenda mazikoni kwenye umati wa watu, seli zake haziruhusu, atume rambirambi inatosha. Na ukiona ukisoma meseji za usiku hulali, mute, soma asubuhi.

Mgeni akiingia anauliza "nitapona?", usimjibu ndiyo wala hapana. Muulize kama kopi ya majibu ya kinyama anayo, na kama hana mwelekeze dirisha la kuomba hiyo kopi.