Namna ya kuamua kama timu yako imchukue mchezaji mwenye kipaji na kasoro

Kila Februari, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, inapokaribia, mjadala ni ule ule: yupo fulani anafunga pointi 25 kwa mechi, timu yake imemchoka, tumchukue au tumwache? Wapo wanaotazama kipaji na kusema mengine yatarekebishika. Wapo wanaotaja kasoro yake na kufunga mlango. Wote wanamjadili mchezaji peke yake, kana kwamba atacheza yeye mmoja dhidi ya watano. Mimi naanza na timu inayompokea, kwa sababu kasoro ile ile huzama kwenye kikosi kimoja na kukizamisha kingine.

Kwa hiyo kabla hujamtazama yeye, andika majina matano. Si ya wanaoanza mechi, bali ya wale wanaokuwa uwanjani dakika 5 za mwisho matokeo yakiwa bado hayajulikani. Mfute mmoja, uweke jina la mgeni, kisha ujiulize kazi ya aliyefutwa sasa inafanywa na nani. Ni zoezi dogo, lakini nimeona likimaliza mabishano ya saa nzima.

Chicago Bulls wangelifanya zoezi hilo mwaka 1995, jibu lingekuwa wazi. Horace Grant, aliyekuwa akipigania mpira chini ya kikapu, alikuwa ameshakwenda Orlando, na Orlando hao hao ndio waliowatoa kwenye mchujo, yaani mechi za mtoano baada ya msimu wa kawaida. Wafungaji walikuwapo: Jordan na Pippen. Kilichokosekana ni rebaundi, kuudaka mpira uliokosa kikapu. Mwezi Oktoba wakampeleka Will Perdue San Antonio, wakamchukua Dennis Rodman, mtu wa miaka 34 aliyekuwa amegombana na viongozi wake na ambaye kufunga hakukuwa kazi yake kabisa. Msimu ule alifunga wastani wa pointi 5.5 tu. Bulls walishinda mechi 72 na kupoteza 10, kisha wakabeba ubingwa 1996, 1997 na 1998.

Jambo ambalo watu husahau ni kwamba Rodman hakubadilika. Machi 1996 alimpiga mwamuzi kichwa, akafungiwa mechi 6. Januari 1997 alimpiga teke mpiga picha, akafungiwa 11. Bulls waliweza kuzicheza mechi hizo bila yeye na wakaendelea kushinda. Ndiyo maana nasisitiza: mnunue mchezaji jinsi alivyo leo. Ukijikuta unasema "akija kwetu atatulia", uliza timu itaishije asipotulia. Kama huna jibu, acha.

Sasa mtazame Russell Westbrook, ambaye mimi nampenda kwa moyo wote. Sijaona wengi wanaoucheza mchezo huu kwa nguvu kama zake. Alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2017. Lakers walipomchukua 2021, walitoa Kyle Kuzma, Kentavious Caldwell-Pope, Montrezl Harrell na chaguo la raundi ya kwanza ya drafti, yaani zamu ya kuchagua mchezaji chipukizi anayeingia ligini. Kasoro yake ilijulikana: mitupo yake ya pointi tatu huingia takriban asilimia 30, na anahitaji mpira mkononi ili awe yeye. Lakini mpira ulikuwa tayari mkononi mwa LeBron James. Asilimia 30 mara pointi 3 ni pointi 0.9 kwa mtupo, kwa hiyo mpinzani anafurahi kumwachia atupe. Hasara kubwa zaidi haionekani kwenye takwimu zake. Mlinzi wake anarudi kusimama karibu na kikapu, palepale LeBron na Anthony Davis wanapotaka kupita. Lakers wakashinda mechi 33, wakapoteza 49, na mchujo wakaukosa. Caldwell-Pope, aliyetolewa kama nyongeza, mwaka 2023 alikuwa bingwa na Denver.

Kwa hiyo kasoro yoyote ya uwanjani ipigie hesabu ya pointi, usiishie kwenye maneno. Hesabu hiyo wakati mwingine humtetea mchezaji. Shaquille O'Neal aliingiza asilimia 52.7 ya mitupo huru (ile ya pointi moja inayotolewa baada ya faulo) katika maisha yake yote ya NBA, na watu wakamcheka. Lakini mitupo miwili kwa kiwango hicho inaleta pointi 1.05 hivi, jambo ambalo si janga, na bado kila alipokaribia kikapu ilibidi watu wawili wamkimbilie. Ana ubingwa mara 4.

Baada ya hapo fikiria mchujo. Kwenye msimu wa kawaida mpinzani anakutana nawe usiku mmoja na kuondoka. Kwenye mchujo anaweza kukaa nawe hadi mechi 7, na kila siku anaichimba kasoro ile ile. Ben Simmons mwaka 2021 alikuwa kwenye kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi. Mchujo ulipofika, mitupo yake huru iliingia kwa asilimia 34, na katika mechi ya saba dhidi ya Atlanta akiwa chini ya kikapu akatoa pasi badala ya kufunga. Woga wa kutupa ni mbaya kuliko kutupa vibaya, maana anayetupa vibaya angalau bado analazimisha mlinzi amfuate.

Tabia nayo ina sura nyingi, na hapa ndipo uvumi unapopotosha watu zaidi. Swali langu ni moja: ugomvi wake ni na nani? Rasheed Wallace alipewa faulo za kiufundi, zile za utovu wa nidhamu, 41 msimu wa 2000–01, rekodi ya ligi. Lakini hasira zake zilikwenda kwa waamuzi. Kwenye ulinzi alizungumza na wenzake, na alikuwa tayari kutoa pasi. Detroit walimchukua Februari 2004, na Juni wakawa mabingwa. Anayegombana na waamuzi unaweza kuishi naye. Anayegombana na makocha watatu mfululizo, mchunguze. Anayewafanya wenzake waache kumpa pasi, mwache hata kama bei ni ya bure.

Hilo la mwisho linaonekana kwa macho. Tafuta mechi ambazo timu yake ilishindwa, tazama robo ya nne, na usiufuate mpira, mfuate yeye. Akipoteza mpira, anarudi mbio au anasimama kulalamika? Mwenzake akiachiwa peke yake pembeni, anamwona? Akitolewa, anakaa karibu na nani? Mimi huandika daftarini kila mara mpinzani anapoweka kizuizi makusudi ili yeye abaki akimlinda mfungaji wao. Wakifanya hivyo mfululizo, wameshakupa ripoti kamili ya ulinzi wake.

Majeruhi na kutopatikana nakuita kasoro kubwa kuliko zote, kwani hakuna mfumo wa kocha unaoificha. Hata hivyo usikimbilie hukumu. Kyrie Irving alicheza mechi 29 tu msimu wa 2021–22. Dallas walimchukua Februari 2023 kwa Dorian Finney-Smith, Spencer Dinwiddie na machaguo ya drafti, na msimu huo hata mchujo hawakufika. Mwaka uliofuata walikuwa fainali, kwa sababu Irving aliweza kutupa kutoka mbali wakati mpira ulikuwa kwa Luka Dončić, nyota wao wa wakati huo. Kasoro zake zilikuwa nje ya uwanja. Ndani yake aliingia bila kumsukuma mtu.

Imebaki bei, na bei ipange kabla hujapiga simu, kwa kuwa ukishamtamani mtu utatoa chochote. Angalia miaka iliyobaki kwenye mkataba wake: mwenye miezi michache ni jaribio, mwenye miaka minne ni ndoa. Angalia kizingiti cha pili cha mishahara, kiwango cha jumla ya mishahara ya timu kilichowekwa na makubaliano ya 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji. Timu iliyokivuka hairuhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja, kwa hiyo ukikosea utabaki naye. Na kwa kuwa sheria hairuhusu kuiacha timu bila chaguo la raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo mfululizo, kila chaguo unalotoa leo linafunga na la jirani yake. Kwa mchezaji mwenye kasoro ya wazi mimi ningetoa chaguo moja lenye kinga (linalobaki kwako likiangukia nafasi za juu), pamoja na mshahara wa mtu asiyekuwapo uwanjani dakika za mwisho. Wakimtaka mmoja wa wale watano, ningetafuta mchezaji mwingine.