Ukisaka santuri adimu, fuata mpiga ngoma
Ukipenda santuri ya jazi yenye ngoma za Kiafrika, geuza jalada, soma majina ya wapiga ngoma, kisha tafuta hayo badala ya jina kubwa la mbele. The African Beat ya Art Blakey, mpiga dramu wa jazi Mmarekani (lebo ya Blue Note, 1962), ina mpiga ngoma Solomon Ilori, Mnigeria. Mfuate yeye, utafika African High Life aliyoirekodi 1963 kwa lebo hiyohiyo. Tamu, na haitajwi sana. Wapiga ngoma walikodiwa na viongozi wa bendi tofauti, wakahama na ladha yao. Mbinu hugonga mwamba jalada lisipotaja wanamuziki. Programu za kusikiliza muziki nazo mara nyingi huacha orodha hiyo, kwa hiyo tafuta picha ya jalada la nyuma.