Somo: Kuchagua mtungi wa kuzimia moto wa gari dogo na kuufunga mahali ambapo mkono unafika

Habari zenu wakuu.

Mwaka juzi mwezi wa 12 nilikuwa narudi Dar kutoka Lushoto, mimi, mke wangu na watoto wawili. Tumeshaipita Mkata, harufu ya plastiki inayoungua ikaingia ndani ya gari, na muda si mrefu moshi ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Nikaweka gari pembeni, nikazima, wote tukashuka. Mtungi ninao, lakini uko kwenye buti, chini ya gunia la viazi, kabichi na mabegi. Bado nahangaika kulishusha lile gunia, dereva wa Fuso aliyekuwa nyuma yetu akawa ameshafika na mtungi wake. Aliuchomoa nyuma ya kiti chake, akazima. Nyaya za upande mmoja wa injini ziliteketea, ila gari lilipona. Mtungi wangu ulikuwa mpya na presha imejaa, na haukunifaa kitu.

Tangu siku ile nimewafungia ndugu na majirani mitungi kwenye magari yao, na karibu kila gari ninalokuta mtungi, umenunuliwa ili trafiki akiuliza uonyeshwe. Kwa kazi hiyo buti panatosha. Somo hili ni la yule anayetaka mtungi uzime moto.

Hatua ya 1: Aina na ukubwa

Kwa gari binafsi chukua unga mkavu wa ABC. Herufi hizo ni aina za moto: A ni vitu vigumu kama viti, kapeti na plastiki, B ni vimiminika kama petroli, dizeli na oili, C ni gesi. Gari lina vyote hivyo, na unga huo haupitishi umeme, kwa hiyo unafaa pia kwenye nyaya na betri ya kawaida. Ipo mitungi iliyoandikwa BC tu. Hiyo inazima petroli, lakini kiti kikishashika moto haina nguvu.

Mitungi ya kaboni dayoksaidi iache ofisini kwenye kompyuta. Ni mizito, na nje kwenye upepo gesi yake inapeperuka kabla haijafanya kazi.

Ukubwa: kilo 1 ndiyo ya chini kabisa, kwa Vitz, Passo na wenzake. Ukiweza, nunua kilo 2. Mtungi wa kilo 1 unamwaga unga wake wote ndani ya sekunde kama 8 hivi. Mtu aliyeshtuka, mikono inatetemeka, anapoteza nusu ya sekunde hizo kwa kuelekeza vibaya. Kilo 2 inakuongezea sekunde chache, na zina thamani kubwa.

Hatua ya 2: Kagua kabla hujatoa hela

Wengi tunaangalia geji tu, mshale ukiwa kwenye kijani tunaridhika. Geji inakwambia habari za presha. Haikwambii kama kuna unga ndani. Mtungi wenye hewa tupu nao unasoma kijani.

Kwa hiyo omba mzani. Kwenye lebo ya mtungi wa maana kumeandikwa uzito wa mtungi mzima ukiwa umejaa. Upime, hata kwenye mzani wa duka la mchele la jirani. Ukiwa pungufu sana ya uzito ulioandikwa, urudishe. Kama lebo haina uzito, haina tarehe ya kutengenezwa na haisemi aina ya unga, usiuchukue hata ukiuziwa bei ya kutupa.

Angalia pia pini iwe na lakiri yake, mdomo usiwe umeziba, na kichwa cha mtungi kiwe cha chuma, kisiwe cha plastiki. Kiwango cha joto kimeandikwa hapohapo kwenye lebo, mara nyingi mwisho ni nyuzi 60. Kiwango hicho tutakihitaji sasa hivi.

Hatua ya 3: Mahali pa kuuweka

Hapa ndipo penye kazi, tuende taratibu.

Kaa kwenye kiti cha dereva, funga mkanda, funga mlango. Sasa nyoosha mkono. Mtungi uwe pale mkono unapofika bila kufungua mkanda, au ukishuka uwe unaufikia kwa kuinama mara moja tu. Kwa magari mengi madogo mahali hapo ni mbele ya kiti cha abiria wa mbele, chini kabisa, umelazwa kwa upana wa gari. Kwenye gari refu kama Prado au Hilux, nyuma ya kiti cha dereva chini panafaa pia.

Mahali pa kukataa:

Miguuni mwa dereva, hata kama umefungwa. Ukichomoka ukabingirika chini ya pedali ya breki, umetengeneza ajali.

Juu ya dashibodi na kwenye kibao cha nyuma cha kioo. Gari likishinda juani, dashibodi inapita nyuzi 60 kirahisi.

Buti. Nimeshaeleza yangu. Na ukigongwa nyuma, buti linaweza lisifunguke kabisa.

Mfuko wa nyuma ya kiti, au mtungi kuachwa huru sakafuni. Gari likigonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa, kitu kisichofungwa kinaruka mbele kwa nguvu inayoweza kufika mara 30 ya uzito wake. Mtungi wa kilo 2 pamoja na chuma chake una kilo 3 na kitu. Piga hesabu: ni karibu gunia la mahindi linalokuja kisogoni kwako, au kwa mtoto aliyekaa mbele.

Hatua ya 4: Kufunga

Tafuta breketi ya chuma yenye mkanda wa chuma na klipu ya kufyatua. Breketi ya plastiki inayokuja na mitungi ya bei nafuu ni ya ukutani. Barabara ya vumbi yenye makorogesheni inaivunja. Vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya usivitumie, maana siku ya moto utatafuta kisu.

Njia ninayoipenda ni kutotoboa gari. Fundi wa kuchomelea anakukatia bamba la chuma la milimita 3, analitoboa matundu yalingane na bolti mbili za mbele za reli ya kiti, breketi inakaa juu ya bamba. Bolti hizo ndizo zinazokishika kiti wakati wa ajali, kwa hiyo zirudishwe zilezile, zikazwe sawasawa na spana ya kupima nguvu, na bamba likae flati bila kapeti kubanwa katikati. Sogeza kiti mbele mpaka mwisho na nyuma mpaka mwisho: kisiguse mtungi.

Kama lazima utoboe sakafu, kwanza ingia chini ya gari uone kuna nini. Mipira ya petroli na paipu za breki zinapita hukohuko. Kwenye Honda Fit tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele; gari hilo usilitoboe hapo hata kidogo. Inua kapeti uangalie nyaya. Ukikuta soketi za njano chini ya kiti, hizo kwa kawaida ni za mfumo wa eabegi: usizichomoe, usizivute, usizibane na breketi. Tumia bolti za M6 pamoja na washa pana chini na nati zenye plastiki ndani zisizolegea. Tundu lipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga.

Mtungi ukae geji ikiangalia juu ili uisome kwa kuinama tu, na kishikio kielekee kwa dereva.

Hatua ya 5: Jaribu

Ushike mtungi uutikise kwa nguvu zako zote. Breketi isicheze. Kisha kaa, funga macho, uchomoe kwa mkono mmoja. Rudia mpaka iwe chini ya sekunde tano. Mwenzio anayeendesha gari hilo naye afanye. Mke wangu alinionyesha kwamba klipu yangu ya kwanza ilikuwa ngumu kwa vidole vyake, nikaibadilisha.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Simama, zima swichi (ukizima, pampu ya mafuta nayo inasimama), vuta handibreki, toa watu wote na wasogee mbali. Mwambie mmoja apige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hayo yote kwanza, ndipo mtungi.

Moto ukiwa kwenye injini usifungue boneti yote. Ukifungua, unauletea hewa na unajiletea moto usoni. Vuta kile kishikio cha ndani tu, boneti inyanyuke kidogo huku ndoano yake ya pili bado imeshika. Simama upande upepo unakotokea, pembeni ya gari, si mbele ya bampa. Vuta pini, ingiza mdomo wa mtungi kwenye mwanya, elekeza kwenye shina la moto, bana, peleka kushoto na kulia. Ukizimika, usiondoke hapo wala usikimbilie kufungua. Chuma cha moto kinaweza kuwasha mvuke wa petroli tena.

Mtungi ukiisha na moto bado upo, acha gari liungue. Vilevile ukiona petroli imetapakaa chini, usisogee. Agosti 10, 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakasogea kuchota, likalipuka; waliokufa ni zaidi ya 100. Mvuke wa petroli unatambaa chini bila kuonekana, na mtungi wa kilo 2 hauna la kufanya hapo.

Hatua ya 7: Matunzo

Mara moja kwa mwezi angalia geji, toa mtungi, upindue kichwa chini na uutikise. Mtikisiko wa barabara unaushindilia unga chini hadi unagandamana. Ukiusikia unatembea ndani kama mchanga, uko sawa. Mara moja kwa mwaka upelekwe kwa wahusika ukaguliwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Nasra: Asante kwa somo kaka. Nina Noah ile ya zamani. Chini ya kiti cha mbele si ndiyo kwenye injini?

Ndiyo dada, na umeuliza swali la msingi. Noah hiyo injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo pale kuna joto na ndipo moto utakapoanzia. Funga nyuma ya kiti cha abiria wa mbele, chini, karibu na mlango wa kuteleza. Ukishuka, unafungua mlango huo na unao mkononi. Kuzimia, elekeza unga kwa chini, kupitia upande wa tairi la mbele. Usiinue kiti kuutafuta moto.

Kijana wa Makongo: Mkuu, mimi natumia gari la gesi, nimelifunga mfumo mwaka huu. Kuna tofauti?

Ipo kubwa. Mtungi wa gesi asilia kwenye buti unajazwa kwa presha ya bar 200 hivi. Mwambie aliyekufungia mfumo akuonyeshe koki ya kufunga kwa mkono, uijue hata gizani. Moto wa petroli au nyaya kule mbele utauzima kama kawaida. Lakini ukiona gesi yenyewe ndiyo inawaka, usiuzime kwa unga kama huwezi kufunga koki kwa usalama. Ukizima mwali na gesi ikaendelea kutoka, inajikusanya, ikipata cheche inalipuka. Kimbia na wahamishe watu.

Mzee wa Kihonda: Mwanangu, mimi nilibana kidogo kujaribu kama unafanya kazi. Geji bado iko kijani. Naendelea nao?

Shikamoo mzee. Hapana, upeleke ukajazwe. Ukibana hata mara moja, punje za unga zinabaki kwenye vali, haifungi tena sawasawa, na presha inatoka polepole. Baada ya wiki chache utakuta mshale umelala kwenye nyekundu.

Dereva_TZ: Sikubaliani na wewe kuhusu buti. Ndani ya gari kuna joto zaidi, mtungi utapasuka.

Hoja ya joto ni ya kweli kwa dashibodi na kioo cha nyuma. Sakafuni mbele ya kiti hakupigwi jua moja kwa moja, na hewa ya moto inapanda juu. Pima mwenyewe: weka kipimajoto sakafuni na kingine juu ya dashibodi saa nane mchana, utuletee majibu hapa. Mimi nilifanya hivyo Januari, na tofauti haikuhitaji mjadala.

Aqua Nyeupe: Gari langu ni haibridi. Unga unatosha?

Kwa moto wa mbele, wa viti au nyaya za kawaida, ndiyo. Nyaya nene za rangi ya machungwa ni za umeme mkubwa, usiziguse hata moto ukishazimika. Kwenye Aqua betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma. Moshi ukitokea huko usipigane nao: toa watu, kaa mbali, na ukipiga 114 waambie mapema kwamba gari ni haibridi, ili waje wanajua wanachokikuta.

Mama Nasra: Kaka, nimefanya lile jaribio la kufumba macho. Sekunde kumi na moja. Klipu inashika mno.

Ipake grisi kidogo kwenye ekseli yake, ufyatue mara ishirini hivi kuilainisha. Ikishindikana badilisha klipu peke yake, breketi ibaki. Ukishafika chini ya tano, mfundishe na kijana wako mkubwa.